Kabla hujahamia nje ya mji, lala huko masika moja

Wakuu, habari za jioni.

Mkuu uliyeanzisha uzi, nimesoma maelezo yako mara mbili. Mmepanga Sinza hapa Dar es Salaam, wewe kazi yako iko Posta, mkeo anafanya kazi Mwenge, watoto wawili, mkubwa anaanza darasa la kwanza mwakani, na kodi inaisha Februari. Mmechoka kupanga, mnataka kusogea nje ya mji, na mnachagua kati ya Kibamba, Bunju, Chanika na Kigamboni. Wengi hapo juu wamekujibu kwa bei za viwanja. Mimi naomba nikujibu kwa yaliyonikuta, maana kosa unalokaribia kulifanya, la kununua kiwanja kabla ya kuishi kule, nililifanya, na waliolilipia zaidi ni mke wangu na mtoto.

Mwaka 2012 nilinunua kiwanja Mpiji Magohe, unaingia ndani kutokea Mbezi. Nilikwenda kukiona Jumapili moja mwezi wa nane. Jua linawaka, upepo mzuri, miembe, kimya kabisa, na dalali ananiambia "dakika kumi tu kutoka lami". Tulikuwa kwenye bodaboda, barabara kavu, hakuna foleni, kweli zikawa dakika kama kumi na tano. Bei ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na viwanja vya karibu na barabara kuu. Nikaona wanaolipia Kimara wanachezea pesa.

Mwaka 2015 tukahamia. Unajua hali ya wengi wetu, kodi inakula hela ya tofali, kwa hiyo unaingia kwenye pagale: vyumba viwili vimeezekwa, madirisha yamezibwa kwa mabati, choo cha nje. Hilo halikunisumbua, nyumba huisha polepole. Kilichotushinda ni barabara.

Nilikuwa karani wa ghala Kariakoo, kuingia kazini saa 1 na nusu asubuhi. Nilikuwa naamka saa 9 na nusu usiku. Bodaboda mpaka Mbezi, kisha kugombea daladala. Wanaokaa njia hiyo wanajua habari ya kugeuza na gari: unapanda gari linalokwenda ulikotoka, unalipa nauli, unalisindikiza hadi mwisho wa safari ndipo ugeuke nalo, ili tu upate siti. Nauli mara mbili kwa ajili ya kukaa. Jioni hivyohivyo. Nilikuwa nafika nyumbani saa 3 usiku, mtoto kalala, naondoka hajaamka. Katika wiki tulionana Jumapili, na Jumapili yenyewe nilikuwa nalala mchana kutwa. Nikikaa chini kuhesabu, unafuu wa bei ya kiwanja uliisha kwenye nauli ndani ya muda mfupi sana, ila masaa hayakurudi.

Halafu ikaja masika ya 2016. Kati yetu na Mbezi kulikuwa na bonde lenye kijito ambacho kiangazi unakiruka bila kukunja suruali. Mvua ya Aprili ilipokolea, daladala zilizokuwa zinaingia ndani zikaacha, bodaboda wakapandisha bei mara tatu, na viatu vya kazini tukawa tunabeba kwenye mfuko, tunanawa miguu kibandani kwa mama ntilie pale Mbezi. Usiku mmoja mtoto alipandwa na homa kali, akaanza kukakamaa. Bodaboda alitufikisha bondeni akagoma, na simlaumu, maji yalikuwa yanapita kwa kasi. Tukarudi, tukazunguka kwa miguu njia ya juu, mke wangu kambeba mtoto mgongoni chini ya turubai, mimi natangulia na tochi ya simu. Tulifika zahanati karibu saa 11 alfajiri. Ilikuwa malaria, alipona, sasa ni binti mkubwa. Lakini ule mwendo mke wangu hajausahau, na mimi kila nikisikia mtu anasema "kiwanja ni kiwanja tu, maendeleo yatakufuata", naukumbuka.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja na nausema kwa moyo wote: panga kwanza kule unakotaka kujenga, na ukae mpaka masika moja ipite juu ya kichwa chako. Najua unataka kuacha kupanga. Panga mara ya mwisho, ila upangie kule. Wenye nyumba wengi watataka miezi sita, na dalali atataka kodi ya mwezi mmoja. Hiyo ndiyo pesa ndogo kuliko zote utakazotoa kwenye safari hii. Ndani ya miezi sita utajua maji yanatoka siku ngapi, basi la shule linapita saa ngapi, na uwanja wa mpira wa mtaa huo una nini kuanzia saa 2 usiku. Hayo dalali hawezi kukuambia hata akiwa mkweli, kwa sababu haishi pale.

Nije kwenye maeneo yako. Chanika niitoe mapema. Sina ubaya nayo, ina watu wengi wanaoishi vizuri, lakini mkeo kutoka Chanika kwenda Mwenge kila siku ni kumuonea. Kigamboni kwa wewe wa Posta inavutia: pantoni inakushusha Magogoni, na Daraja la Nyerere limekuwepo tangu 2016 kwa mwenye gari, ingawa kuna tozo. Ila mkeo atavuka maji, aingie katikati ya mji, kisha aanze safari ya Mwenge. Wengi mnachagua kwa kuangalia kazi ya baba. Angalia anayerudi na watoto, anayepika, anayepigiwa simu na mwalimu mtoto akiugua shuleni. Huyo ndiye awe karibu.

Inabaki Bunju na Kibamba. Bunju inamfaa mkeo, njia ya Bagamoyo ni moja kwa moja hadi Mwenge. Wewe utaendelea hadi Posta, na foleni ya njia hiyo utaionja. Kibamba ndiko niliko sasa. Tuliondoka Mpiji mwishoni mwa 2016, tukapanga Kimara ili nipande basi la mwendokasi, usafiri ulioanza Mei mwaka uleule kati ya Kimara na Kivukoni. Tukakaa miaka mitatu, tukakiuza kile kiwanja, tukanunua kingine kidogo huku Kibamba, nusu ya kile cha kwanza, mwendo wa dakika 12 kwa miguu hadi lami. Nimezipima mwenyewe, na mtoto mkononi. Barabara ya Morogoro ilipopanuliwa kuwa njia nane kutoka Kimara kuelekea Kibaha, maisha yalibadilika kabisa upande huu, na stendi ya mabasi ya mikoani kuhamia Mbezi Luis 2021 kumeleta daladala za kila upande. Mke wangu anafanya kazi Mwananyamala, anafika nyumbani kabla ya giza.

Lakini upanuzi huohuo una somo lake. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kuanzia Kimara hadi Kiluvya kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Watu walikuwa na nyumba nzuri, fremu za biashara, wamekaa miaka. Nilikuwa napita kila siku naona alama ya X nyekundu ukutani na mtu amekaa barazani kwake anaitazama. Ukaribu na lami ni neema, ila uende ofisi ya ardhi ya manispaa uulize hifadhi inaishia wapi, na kiwanja chako kwenye mchoro wa mipango miji kimeandikwa nini. Unaweza kukuta ni shule, au makaburi, au barabara ya mtaa. Mhuri wa serikali ya mtaa unashuhudia mauziano, haugeuzi kiwanja cha shule kuwa makazi. Waite na majirani wa pande zote waweke saini, maana wao ndio wanaojua mpaka ulikuwa kwenye mnazi au kwenye mkorosho.

Kama kodi inakuruhusu, mimi ningekushauri kuanzia Goba, ingawa hukuitaja. Kwa familia yenu iko katikati: mkeo anashukia Makongo kwenda Mlimani na Mwenge, wewe una njia ya kutokea Mbezi. Kununua pale ni ghali na kuna vilima na makorongo yanayokula viwanja vya watu, lakini kama mahali pa kupanga huku mnachunguza Madale, Bunju na Kibamba, sijaona pazuri zaidi.

Kuna aliyekuambia uhamie Morogoro kabisa kwa kuwa kuna treni ya SGR. Treni ni nzuri, nimeipanda. Ilipoanza Juni 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000 kwa siku, zidisha kwa siku 22 za kazi, inapita laki tano na nusu kwa mtu mmoja. Hiyo ni kodi ya nyumba nzuri Sinza.

Maji nayo usiyachukulie kirahisi. Usimuulize muuzaji. Nenda asubuhi ukawaulize akina mama wanaochota: bomba linatoka lini, dumu shilingi ngapi, na kisima ni cha chumvi au baridi. Ukiona kila nyumba ina simtanki kubwa na boza la maji linapita mtaani mara kwa mara, jibu umelipata. Umeme, hesabu nguzo kutoka ya mwisho hadi kwako. Udongo, chimba kidogo: mfinyanzi ukilowa utakuzuia kutoka na utakulazimisha msingi wa gharama. Ukiona matete yamestawi kiangazi, au alama ya maji kwenye kuta za majirani imepanda hadi kwenye kizingiti cha mlango, toka hapo hata kama wanakupa kwa nusu bei.

Na usiwe unakwenda kutazama kiwanja Jumapili mchana. Nenda ulale kwa ndugu au rafiki mtaa huohuo siku ya Jumapili usiku, Jumatatu uamke uende kazini kutokea huko, wewe na mkeo na watoto wote, kila mtu njia yake, jioni mrudi. Kisha mkae mezani mwulizane. Mkeo akisema amechoka, hilo ndilo jibu, usimwambie atazoea. Mimi nilimwambia atazoea.

Sasa, kodi yenu inaisha Februari na masika huanza Machi. Mwombe mwenye nyumba wa Sinza awaongezee miezi mitatu, mwambie ukweli kwamba mnatafuta pa kuhamia. Wiki ya tatu ya Aprili chukua gambuti, nenda Bunju, nenda Kibamba, mchague pa kupanga kabla ya kununua. Ukija huku Kibamba nitumie ujumbe binafsi hapa jukwaani, nitakupitisha mitaa ninayoijua, na mke wangu atazungumza na shemeji, maana ana mengi ya kumwambia kuliko mimi.