Maswali ya Wasomaji: Ndege Zilizotua Ziwani Kisumu

SWALI: Mhariri, marehemu babu yangu, aliyekuwa mpakizi wa mizigo bandarini Kisumu, alitusimulia mara nyingi kwamba kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia aliona ndege kubwa ikitua majini na abiria wakiletwa nchi kavu kwa motaboti. Ndugu zangu hudai kuwa hizo zilikuwa hadithi za kutulalisha. Je, ni kweli? Ndege hizo zilirukaje kutoka majini, na mbona hatuzioni tena? — Msomaji wa Dunga, Kisumu.

JIBU: Ndugu msomaji, babu yako alisema kweli, na nafurahi kwamba mmeitunza habari yake. Mwaka 1931 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianzisha safari za ratiba kutoka London hadi Mwanza, na kipande cha kutoka Khartoum hadi Ziwa Victoria kilirukwa na ndege za majini aina ya Short Calcutta, zilizotua Kisumu. Mwaka uliofuata njia ilipofikishwa Cape Town, Kisumu ndipo abiria walipoacha ndege ya majini na kupanda ya nchi kavu ili waendelee kusini. Mji uliokwisha kuwa mwisho wa reli tangu 1901 ukawa pia mahali pa kukutania reli, meli na ndege.

Huenda ndege aliyoiona babu yako ni ile iliyokuja baadaye, Short Empire, ambayo ya kwanza, Canopus, iliruka mara ya kwanza Julai 1936. Ilikuwa na injini nne, mabawa yenye upana wa karibu mita 35 kutoka ncha hadi ncha, na nafasi ya abiria 24 wakati wa mchana, pamoja na chumba chenye reli ya kuegemea ambapo msafiri aliweza kusimama na kuitazama nchi ikipita chini yake. Kuanzia Juni 1937 ndege hizi zilisafiri kutoka Southampton hadi Durban, zikifuata Mto Nile, kisha Port Bell, Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam. Mzigo ulioziendesha hasa ulikuwa barua, kwa sababu serikali ya Uingereza iliamua barua ya nusu aunsi ipelekwe kwa ndege katika makoloni yake mengi kwa peni moja na nusu tu, bila nyongeza yoyote.

Kuhusu kuruka kutoka majini, inafaa kwanza kutenganisha aina mbili. Ipo ndege yenye maboya, ambayo mwili wake hauyagusi maji, kama ile ya Mfaransa Henri Fabre iliyoruka Machi 1910 na kuwa ya kwanza duniani yenye injini kuinuka kutoka majini. Na ipo ndege-mashua, ambayo tumbo lake lenyewe huelea, kama zile za Kisumu. Ya pili ndiyo iliyowatesa wajenzi. Fungua mfereji nyumbani, kisha ugusishe mgongo wa kijiko kwenye maji yanayotiririka: utahisi kijiko kikivutwa kuelekea kwenye maji badala ya kusukumwa nje. Ndivyo maji yanavyolishikilia tumbo la ndege lililopinda. Mmarekani Glenn Curtiss, akiijaribu ndege-mashua yake mwaka 1912, alipata dawa: kidato, yaani mkato kama wa ngazi, kinachokatwa chini ya tumbo, nyuma kidogo ya katikati. Kasi inapoongezeka, maji huachana na tumbo kwenye ukingo wa kidato, hewa huingia nyuma yake, na ndege huteleza juu ya uso wa maji hadi mabawa yapate nguvu ya kuiinua. Kwa maoni yangu, hakuna kitu kidogo kuliko hicho kilichofanya kazi kubwa hivyo katika historia ya ndege-mashua.

Wavuvi wa Dunga watashangaa kusikia kwamba ziwa lililotulia kama kioo halikuwa rafiki wa rubani. Maji yasiyo na viwimbi hulishika tumbo kwa nguvu zaidi, na wakati mwingine motaboti ilipitishwa mbele ili kuyavuruga kwanza. Kisumu, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo ndege ilihitaji kukimbia zaidi majini kabla ya kuinuka.

Hatari zilikuwapo. Machi 1939 ndege iitwayo Corsair, ikitoka Port Bell kwenda Juba, ilipotea njia ikatua kwenye mto mwembamba karibu na Faradje, katika Kongo ya Wabelgiji, na tumbo lake likapasuliwa na mwamba. Ilikarabatiwa papo hapo porini, jaribio la kwanza la kuiondoa likashindikana, na hatimaye mto ulijengewa bwawa ili maji yapande. Iliruka Januari 1940.

Zilitoweka kwa sababu ileile iliyozileta. Ziwa lilikuwa uwanja ambao hakuna aliyelazimika kuujenga. Vita vilipokwisha, viwanja vya lami na saruji vilikuwa vimejengwa kila upande, na ndege ya magurudumu haikubeba uzito wa tumbo la mashua wala kuogopa gogo lililoelea. Shirika la BOAC, lililorithi kazi ya Imperial Airways, lilifunga huduma zake za ndege-mashua Novemba 1950. Gugumaji, linalofunika Ghuba ya Winam misimu mingine, lilifika miaka mingi baadaye. Leo lingeifanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi.

SWALI: Nasikia ndege hizo zilitua pia Naivasha. Kwa nini si Nakuru, nasi tuna ziwa? — Mwalimu, Nakuru.

JIBU: Ni kweli, Mwalimu, Naivasha ilitumika, na abiria wa Nairobi walimalizia safari kwa barabara. Ziwa lenu ni zuri kwa heroe, si kwa ndege-mashua. Halina kina cha kuaminika, na katika miaka ya ukame limewahi kukauka likabaki vumbi jeupe. Tena maji yake ni ya magadi, na magadi hula alumini, ambayo ndiyo bati la ndege. Naivasha maji ni baridi yasiyo na chumvi, na Nairobi iko karibu zaidi.