Heinrich wa 67 kumzaa Heinrich wa 14: hukukosea

Ndugu yangu, umeuliza inakuwaje katika ukoo wa Reuss, waliokuwa watawala huko Ujerumani, Heinrich LXVII (67) arithiwe na mwanawe Heinrich XIV (14), ukadhani umekosea kuandika. Hukukosea hata kidogo.

Shida ni kwamba unazisoma namba kama za wafalme. Kwa Reuss, kila mtoto wa kiume huitwa Heinrich, awe mtawala au asiwe, na namba hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Ukoo una matawi mawili. Tawi la Greiz lilihesabu hadi 100 ndipo likaanza upya. Tawi la Gera lilianza upya kila karne. Hawa wako ni wa Gera: baba alizaliwa 1789, karne ikielekea mwisho, akaangukia 67. Mwana alizaliwa 1832, hesabu ikiwa bado changa. Alirithi mwaka 1867, na 1913 akafuatwa na mwanawe, Heinrich XXVII.

Kwa hiyo nakushauri: kwenye mti wako wa ukoo usiandike namba peke yake. Andika tawi, mwaka wa kuzaliwa na jina la mama. Bila hivyo utawachanganya, maana namba ileile iko kwenye matawi yote mawili.

Halafu waandike mabinti. Heinrich XXIV wa Greiz alirithi 1902 akiwa mgonjwa, ikabidi wa Gera wamshikie utawala. Alikuwa na dada watano, lakini urithi haukupita kwa wanawake. Alipofariki 1927 tawi likakatika. Dada mmoja, Hermine, ndiye aliyeolewa na Wilhelm II, aliyekuwa Kaisari wa Ujerumani, uhamishoni Doorn, Uholanzi, 1922. Ukiwaacha akina dada, uzi huo hutauona.