Hiyo orodha ya "wazito" na "wepesi" iweke pembeni kabisa

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema Jumatatu unapokea darasa jipya la hesabu, mwalimu anayeondoka amekuachia orodha ya watoto "wazito" na "wepesi" wa kuelewa, na unataka kupanga vikundi kwa kuifuata. Usithubutu. Mimi niliifuata ya kwangu, aliyeumia ni mtoto.

Mwalimu wa taaluma alinikabidhi orodha hiyo akisema, "Ukiwa na hii umeshawajua." Hasira naye sijaimaliza mpaka leo. Alikuwa hajakaa hata kipindi kimoja na watoto wale! Basi wazito nikawapa kujumlisha namba nzima, wepesi nikawakimbiza na hesabu za sehemu. Kumbe mvulana mmoja wa kundi la wazito shida yake ilikuwa kusoma polepole. Swali la maneno lilimshinda kabla hajaigusa hesabu yenyewe. Ukimsomea kwa sauti, anakueleza bila kubabaika kwa nini robo ni kubwa kuliko thumuni. Lakini nani alimsomea? Nilipokuja kugundua, alishaacha kunyoosha mkono. Vipindi vya ziada vilimrudishia hesabu, ule moyo wa kujaribu haukurudi.

Na hao wepesi? Nusu kujumlisha theluthi, walijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wakapata mbili ya tano. Jibu dogo kuliko nusu waliyoanza nayo! Hawakuwahi kuulizwa wamefikaje, maana karatasi ilishasema wanajua.

Mwaka 1968 watafiti Rosenthal na Jacobson walichapisha utafiti wao wa Marekani: walimu waliambiwa watoto fulani karibu watachanua, kumbe majina yaliokotwa kwa bahati nasibu. Waliripoti kwamba kwa wastani watoto hao, hasa wa madarasa ya chini, walipanda zaidi ya wenzao kwenye kipimo cha akili. Ukubwa wa athari hiyo umebishaniwa sana, ila mimi nimeona upande wake mbaya.

Kwa hiyo kabla ya kila mada toa maswali machache yasiyo na alama, mengine ya mdomo, na umuulize kila mtoto: "Umefikaje hapo?" Hata aliyepata. Andika kosa lake, usiandike cheo chake. Vikundi vipange kwa makosa hayo, mada ikibadilika uvivunje.

Maswali yako mengine, ya kelele darasani na kukariri majina ya watoto, wengine watakujibu. Wewe Jumatatu anza kwa kuwasikiliza, na huyo anayesoma polepole msomee swali.