Doom ya Switch haikupondwa

Kaka, unasema wahakiki waliiponda Doom, ule mchezo wa video wa kupiga risasi, ilipotoka kwenye Switch, mashine ya michezo ya Nintendo, Novemba 2017. Hapana, hawakuiponda. Wengi waliisifu, na sifa kubwa ilienda kwa Panic Button, studio iliyouhamishia Switch, waliofanikiwa kuubana mchezo mzito hivyo ukaenea kwenye mashine ya mkononi. Walicholalamikia ni picha zenye ukungu na fremu 30 kwa sekunde, ilhali toleo la PS4, mashine ya Sony, linalenga 60. SnapMap, zana ya kujitengenezea ramani za mchezo, nayo iliachwa nje. Mimi huicheza kwa matatu nikitoka Nakuru kwenda Kisumu, na kwenye skrini ndogo ukungu hausumbui. Ukiunganisha na TV ndipo unauona wazi. Sasisho la 2018 liliongeza kulenga kwa kuinamisha mashine, kwa hivyo tathmini za siku za kwanza zisome ukijua hilo.