Msitu Haupandwi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nahariri habari za mazingira, na kila mwandishi ananiletea kitenzi chake: huyu anaandika kuondoa hewa ukaa (gesi ya kaboni dioksidi), yule kufyonza, wa tatu kunasa, wa nne kupunguza. Je, vitenzi hivi vina maana moja? Na wingi wa aina za viumbe tuuandike bioanuwai au bayoanuwai? Sentensi iliyonikwamisha ni hii: "Mradi utapanda msitu mkubwa katika ardhi tupu ili kufyonza hewa ukaa na hivyo kulinda bioanuwai."

Jibu: Marahaba. Havina maana moja hata kidogo, na tofauti yake nitakueleza upesi, maana ugonjwa wenyewe haumo kwenye vitenzi hivyo vinne. Umo katika maneno mawili ya sentensi uliyoninukulia, maneno ninayokutana nayo kila mara na kila mara yananikasirisha: "utapanda msitu".

Vitenzi kwanza. Kupunguza ni kutoa hewa ukaa kidogo kuliko ulivyokuwa ukitoa. Kazi hiyo hufanyika kwenye chanzo, mtambo unapozimwa au gari linapoacha kuchoma mafuta. Kunasa ni kuikamata gesi kwenye bomba la moshi kabla haijafika angani. Ikifukiwa ardhini, anga halijaongezewa kitu, lakini halijapunguziwa kitu pia. Kuondoa ni kuitoa hewa ukaa ambayo tayari imo angani na kuiweka mahali itakapokaa muda mrefu, iwe ndani ya miti, udongo, mwamba au bahari. Kufyonza ni nusu tu ya kuondoa. Jani hufyonza mchana kutwa, lakini mti ukiungua au ukioza, sehemu kubwa ya kilichofyonzwa hurudi hewani. Mtambo wa Orca uliozinduliwa Iceland mwaka 2021 nao hufyonza hewa ukaa kutoka angani. Unastahili kuitwa wa kuondoa kwa kuwa gesi yake huchanganywa na maji, ikasukumwa kwenye miamba ya basalti chini ya ardhi, na huko ikageuka jiwe. Pasipo kuhifadhi hakuna kuondoa. Mwandishi wako akipenda "kufyonza na kuhifadhi", mwachie.

Usidhani ninagombania vitenzi kwa mazoea ya darasani. Kila mwaka binadamu huingiza angani takriban tani bilioni 37 za hewa ukaa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Kinachoondolewa kwa juhudi za binadamu ni kama tani bilioni 2, karibu zote kwa njia ya miti na misitu. Mitambo bado inachangia sehemu ndogo mno. Anayeandika kupunguza mahali pa kuondoa anamfanya msomaji aamini kwamba miche imezima bomba la moshi. Haijazima.

Sasa "utapanda msitu". Kwa Kiswahili, mti hupandwa. Shamba hupandwa. Bustani hupandwa. Msitu huota. Lugha yenyewe imelisema hili waziwazi kwa kuunda neno uoto kutokana na kitenzi kuota, na wazee waliotuachia maneno walikuwa na msitu, mwitu, pori, nyika, kichaka na koko, kila moja na mahali pake. Tazama neno mwitu linavyofanya kazi: mbwa mwitu, paka mwitu, nguruwe mwitu. Huyo ni kiumbe ambaye hakufugwa na mtu. Msitu umekaa jirani na maana hiyo. Ni mahali penye wenyewe. Hata wanasiasa wanaposema msitu mpya, nyani wale wale, hawawezi kuutaja msitu bila kumtaja anayeishi ndani yake.

Kinachopandwa na miradi mingi ya aina hii ni mikaratusi au misonobari, aina moja, umri mmoja, mistari iliyonyooka, nafasi zilizopimwa kwa kamba. Kiswahili kina jina la kitu hicho, jina safi lisilo na tusi: shamba la miti. Wakulima wa miti wanalitumia kila siku bila aibu. Wanaolikimbia ni waandishi wa taarifa za miradi, na wanalikimbia kwa sababu msitu huleta sifa ambazo shamba halina.

Niangalie kiumbe mmoja tu kwa karibu. Hondohondo wengi hutaga ndani ya tundu la mti. Jike huingia tunduni, mlango unazibwa kwa matope na kinyesi mpaka unabaki ufa mwembamba, na dume hupitisha chakula kwenye ufa huo siku zote jike anapoatamia. Tundu la namna hiyo hupatikana kwenye mti mkubwa uliozeeka, uliovunjika tawi, ulioanza kuoza kiini. Katika shamba la miti, mti hukatwa ungali kijana na mzima, kwa maana ndivyo mbao zinavyotakiwa. Mti wenye tundu kwa mwenye shamba ni hasara. Basi unaweza kuwa na mamilioni ya miti, picha ya setilaiti ikaonyesha kijani kitupu, na hondohondo asipate hata mlango mmoja. Ukipanga viti elfu moja ukumbini hujapata mkutano.

Nitaambiwa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, imeruhusu. Kweli, kwa FAO eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayozidi mita 5 na vivuli vinavyofunika zaidi ya asilimia 10, huhesabiwa kuwa msitu, na shamba la mikaratusi linaingia humo. Hicho ni kipimo cha takwimu, kimetengenezwa ili nchi zihesabu kwa namna moja. Hakikuandikwa kuwa kamusi. Na hao hao FAO, katika tathmini yao ya mwaka 2020, walitenganisha: kati ya hekta bilioni 4.06 za misitu duniani, asilimia 93 ni misitu inayoota yenyewe na asilimia 7 ndiyo iliyopandwa. Hesabu yao inakubaliana na kitenzi chetu.

Tena tofauti hii haiwahusu ndege peke yao. Inaihusu hewa ukaa yenyewe. Mwaka 2011 serikali na mashirika walianzisha Bonn Challenge, ahadi ya kurejesha hekta milioni 150 za ardhi iliyofyekwa misitu au kuharibika kufikia 2020, ambayo baadaye ilipanuliwa hadi milioni 350 kufikia 2030. Mwaka 2019 watafiti walioandika katika jarida la Nature walizipitia ahadi zilizokuwa zimetolewa. Walikuta asilimia 45 ya eneo lililoahidiwa ni mashamba ya miti ya biashara. Walikadiria pia kwamba misitu ya asili ikiachwa irudi itahifadhi kaboni takriban mara 40 zaidi ya mashamba hayo, kwa kuwa shamba huvunwa kila baada ya miaka kumi hivi na kaboni yake hurudi hewani. Mara 40! Tofauti yote hiyo imefichwa chini ya neno moja tulilolitumia ovyo.

Afrika Kusini walikuwa wakweli zaidi yetu. Sheria yao ya maji ya mwaka 1998 inayataja mashamba ya miti ya biashara kuwa shughuli inayopunguza mtiririko wa maji mitoni, na mwenye shamba anatakiwa kuwa na kibali cha matumizi ya maji. Walichunguza mabonde ya mito yao kwa miongo kadhaa, wakaona vijito vikipungua baada ya misonobari na mikaratusi kupandwa penye nyasi na vichaka, wakaandika walichokiona. Samaki na vyura wa kijito hicho wana haki ya kutajwa na mwandishi wako pia.

Sitaki nionekane ninayachukia mashamba ya miti. Mbao lazima zitoke mahali, na shamba zuri lililowekwa kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa linaweza kuinusuru misitu ya asili na shoka. Liite shamba, ulisifu kwa sifa zake.

"Ardhi tupu" ndiyo inayonitia uchungu zaidi, maana hapa kosa la lugha linaua moja kwa moja. Ardhi hiyo tupu ni ipi? Ukisoma taarifa hizi mpaka mwisho, mara nyingi utakuta ni nyika. Mwandishi amefika, hakuona miti mingi, akaandika tupu. Nyika ina nyasi ambazo sehemu kubwa ya kaboni yake imo chini, kwenye mizizi na udongo, mahali ambapo moto wa kiangazi hauifikii. Moto ukipita, majani yanaungua na nyasi zinachipua tena. Kivuli ndicho kinachoziua. Weka dari ya miti juu yake na nyasi za jua zitakufa, na pamoja nazo waondoke nyamera na kongoni wanaozila, duma anayehitaji uwazi wa kukimbiza windo, na ndege wanaotaga chini kati ya mashina ya nyasi. Mandhari ya namna hii ilienea duniani mamilioni ya miaka iliyopita, kabla ya binadamu kuwa na shoka. Kuiita tupu ni kuwafuta wenyeji wake kwa kalamu kabla trekta halijafika. Na hatari hii ni ya leo: mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa ahadi za nchi za Afrika chini ya AFR100, mpango wao wa kurejesha misitu na mandhari, ulioonyesha kwamba eneo la nyika na mbuga linalokaribia ukubwa wa Ufaransa limo hatarini kwa kupandwa miti pasipo mahali pake.

Asiyekuwepo na lake halipo. Ndiyo sababu "na hivyo kulinda bioanuwai" inateleza bila kuulizwa. "Na hivyo" ni viungo vya hoja. Vinadai kwamba la pili limezaliwa na la kwanza. Kufyonza hewa ukaa hakuzai ulinzi wa viumbe kwa lazima. Mazao ya nishati, yanayokuzwa ili yachomwe na moshi wake unaswe, yangehitaji mamilioni ya kilomita za mraba kama yangefanywa kwa kiwango kinachowekwa katika baadhi ya makadirio ya wanasayansi, na ardhi hiyo lazima itoke kwa mtu au kwa kiumbe. Hata "kurutubisha bahari", neno linalosikika jema, ni kumwaga chuma majini ili mwani uongezeke. Katika jaribio la LOHAFEX la mwaka 2009, kusini mwa Atlantiki, mwani uliongezeka kweli, lakini wanyama wadogo wa baharini waliula na kaboni iliyozama ilikuwa kidogo. Nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai zilikuwa zimekwisha kutaka tahadhari juu ya shughuli hizo mwaka 2008.

Hata hivyo msomaji asitoke hapa akidhani kuondoa hewa ukaa ni adui wa viumbe. Joto lenyewe linawaua. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi lilieleza mwaka 2018 kwamba dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi 1.5 juu ya kiwango cha kabla ya enzi ya viwanda, miamba ya matumbawe itapungua kwa asilimia 70 hadi 90, na ikifika nyuzi 2 itapotea zaidi ya asilimia 99. Jopo hilo hilo lilisema mwaka 2022 kwamba uzalishaji wa hewa ukaa hauwezi kufikishwa sifuri halisi, yaani kinachotolewa kisizidi kinachoondolewa, bila kuondoa kiasi fulani cha gesi hiyo. Matumbawe yanahitaji kazi hii ifanyike. Na zipo njia ambazo "na hivyo" yake inasimama imara. Mikoko ikirudi, kaboni hukaa karne nyingi kwenye tope lisilo na oksijeni, na samaki wachanga hupata maficho katika mizizi ile ile. Vinamasi vikiachiwa maji yake, majani yaliyooza nusu hubaki yalipo. Vile vya katikati ya bonde la Kongo, vilivyochorwa ramani mwaka 2017, vina takriban tani bilioni 30 za kaboni. Hapo jambo la kwanza ni kulinda kilichopo, na kitenzi chake ni kulinda.

Sasa irudishe sentensi kwa mwandishi na umwulize mambo matatu: miti gani, mahali hapo palikuwa na nini, na miti itakatwa lini. Akijibu kwamba ni mikaratusi kwenye nyika, andika: "Mradi utaanzisha shamba la mikaratusi katika nyika, miti hiyo itafyonza hewa ukaa mpaka itakapovunwa, na viumbe wa nyika hiyo watapoteza makazi." Akijibu kwamba ni msitu uliofyekwa, andika: "Mradi utarejesha msitu uliofyekwa, kwa kuacha miti ya asili iote tena na kupanda miche yake pale ambapo mbegu hazifiki, ili uondoe hewa ukaa na kurudisha makazi ya viumbe." Asipoweza kujibu, habari bado haijaiva, usiichape.

Imebaki tahajia. Ukaa ni wa shina moja na mkaa na makaa. Andika hewa ukaa, maneno mawili. Anuwai imetoka Kiarabu, ni wingi wa neno lenye maana ya aina, na hakuna anayeigombania. Mgogoro uko kwenye bio na bayo. Mimi huandika bioanuwai. Wenzangu wengi wanaandika bayoanuwai na nimechoka kubishana nao, kwa sababu msomaji anaelewa yote mawili na hakuna ndege anayepoteza kiota kwa herufi hizo. Chagua moja, uishike toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.