Mwembe ubaki, nyumba ndiyo isogee

Ndugu yangu, nimekuelewa: kiwanja kidogo, mwembe wa marehemu babu uko katikati, fundi anataka ung'olewe, na majirani huketi kivulini mwake kila jioni. Usiukate! Chora nyumba ya umbo la L, mti ubaki uani, na upande wa njia usijenge ukuta, weka baraza. Mizizi mingi inayoulisha iko juujuu, kama sentimita 60 hivi, na huenea kupita matawi. Kwa hiyo upande huo simamisha nguzo, mashimo yachimbwe kwa mkono, usikate mtaro mrefu wa msingi. Kifusi na zege visirundikwe shinani. Ukiyafanya hayo, mti hukauka taratibu, pengine baada ya miaka. Shimo la choo lipeleke mbali. Udongo ukiwa mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi, mwite mhandisi kabla ya kuchimba.