Uliza Fundi: Kabureta mbili zisizoelewana

SWALI: Pikipiki yangu ni Yamaha XS650 ya 1977. Nimetoa kabureta zake za asili nikafunga Mikuni VM34 mbili, kila moja na kebo yake. Kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kuvuta mafuta) inatulia vizuri, lakini nikianza tu kuvuta mafuta inatikisika na kurukaruka, halafu mwendo ukikolea inatulia tena. Nimezungusha skrubu za sailensa mpaka nimechoka. Kasoro iko wapi?

JIBU: Ziache skrubu za sailensa, kazi yake umeshaimaliza. Skrubu hizo hushikilia slaidi, yaani kizibo kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta kufungua njia ya hewa, pale tu mpini wa mafuta unapokuwa umefungwa. Ukivuta mafuta, slaidi zinaachana na skrubu na kuning'inia kwenye kebo, na hapo ndipo moja inapoitangulia nyingine. Kabureta za asili zilikuwa na vipepeo (visahani vinavyozunguka kufungua njia ya hewa) vilivyounganishwa kwa linki moja, kwa hiyo havikuwa na nafasi ya kupishana. Wewe sasa una kebo mbili.

Kwa nini inatulia mbele ya safari? Piga hesabu. Slaidi moja ikiwa imeinuka milimita 1.5 na nyingine 2, ile ya pili inapitisha hewa kwa zaidi ya theluthi kuliko mwenzake. Tofauti hiyohiyo ya nusu milimita, slaidi zikiwa nusu ya tundu la milimita 34, ni karibu asilimia 4 tu, na injini haiijali.

Kabla ya kugusa chochote, pima uwazi wa valvu, taimingi na kompresheni ya kila silinda. Kabureta haziwezi kusawazisha silinda ambazo zenyewe haziko sawa. Injini ikiunguruma, nyunyizia maji kidogo kwenye mipira inayoshika kabureta. Mlio ukibadilika, pana mwanya unaovuta hewa. Kisha chomoa slaidi zote mbili. Namba iliyogongwa kwenye slaidi lazima ilingane, na klipu ya sindano ya mafuta inayoning'inia kwenye slaidi ikae kwenye mfuo uleule pande zote. Kabureta za mitumba hukutwa na slaidi za namba tofauti mara nyingi kuliko unavyodhani.

Sasa kebo. Legeza virekebishi (skrubu za kurekebisha urefu wa kebo) mpaka kila kebo iwe na ulegevu wa milimita 1 hadi 2, slaidi zikae juu ya skrubu zake tu. Zima injini, ondoa vichujio vya hewa, vuta mafuta kidogo, na uweke chini ya kila slaidi shina laini la kekee ya milimita 3, kisha rudisha mpini taratibu hadi slaidi zizibane. Vuta tena polepole sana. Kekee zote mbili zidondoke kwa pamoja. Ya kushoto ikitangulia, slaidi yake inapanda mapema: ongeza ulegevu wa kebo ya kushoto, au punguza wa kulia. Mwisho vuta mpaka mwisho na uhakikishe slaidi zote zimetoka kabisa njiani. Zikianza pamoja lakini zikamaliza mbalimbali, kebo hazifanani urefu au kigawanyio cha kebo (pale kebo ya mpini inapogawanyika mbili) kinakwama. Hapo hakuna kirekebishi kitakachokusaidia.

Geji za mvuto, zinazopima nguvu ya kila silinda kuvuta hewa, ndizo za kumalizia. VM34 haina tundu la kuchomekea geji, hivyo weka nipeli ndogo ya shaba kwenye bomba kati ya kabureta na kichwa cha injini, pande zote mbili mahali palepale. Pasha injini moto, elekeza feni kwenye mapezi ya kupozea injini, usawazishe sailensa kwa skrubu kwenye mizunguko kama 1,200 kwa dakika. Halafu shikilia 2,500 hadi 3,000 na usawazishe kwa kebo. Usomaji wenyewe si hoja, usawa ndio unaotafutwa. Kaza nati ya kufungia kisha soma tena, kwa sababu kule kukaza tu huhamisha kirekebishi. Geuza usukani kushoto na kulia hadi mwisho: mlio ukipanda, kebo imebana.

SWALI: Sindano za geji zangu zinachezacheza kiasi kwamba sisomi kitu. Ni mbovu?

JIBU: Hapana. Kila silinda huvuta mara moja tu katika mizunguko miwili ya injini, na geji inaonyesha kila mkupuo. Bana mpira wa geji kwa vali ndogo mpaka sindano itetemeke kidogo tu. Usiibane hadi ife kabisa, utakuwa unasoma mvuto wa zamani. Kisha unganisha geji zote mbili kwenye silinda moja: zisiposoma sawa, tofauti hiyo ikumbuke unapopima.

SWALI: Nikitafuta sailensa nzuri, skrubu ya hewa ya kushoto inaishia mizunguko 3, ya kulia nusu mzunguko. Nikubali hivyo?

JIBU: Usikubali. Kwenye VM skrubu ya hewa ikifunguliwa inapunguza mafuta, na mahali pake panapofaa ni kati ya mzunguko 1 na 2 kutoka pale inapogota taratibu. Zote mbili zingeishia 3, ningekwambia jeti ya sailensa (kitundu kinachopima mafuta ya sailensa) ni kubwa, shuka namba moja. Lakini zinapotofautiana hivi, kulia kuna njaa ya mafuta au kushoto yanazidi. Badilishana jeti za sailensa, ya kushoto iende kulia. Kasoro ikihama, jeti imeziba au si namba yake. Isipohama, pima kiwango cha mafuta kwenye bakuli kwa mpira unaopitisha mwanga, pande zote mbili, kisha safisha njia ya sailensa kwa hewa yenye shinikizo. Waya usiingize humo. Tundu likikwaruzwa na kupanuka, kabureta hiyo haitalingana tena na mwenzake.